UCHAMBUZI: Unataka kulenga kama yule mzee wa Uturuki? Anza na kutunza chombo

SI unaikumbuka ile picha? Mwanamume wa Uturuki, T-shati nyeupe, miwani ya kawaida, mkono wa kushoto mfukoni na bastola mkono wa kulia, ametulia kama mtu anayengoja matatu.

Ilikuwa Julai 30, 2024, Michezo ya Olimpiki ya Paris. Yusuf Dikeç, miaka 51, na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walinyakua fedha katika bastola ya hewa mita 10, timu za mwanamume na mwanamke. Mtandao ukawaka. Kila mtu akawa na utani wake, na hadithi ikawa moja: wenzake walikuja na mavifaa kibao, mzee akatoka zake nyumbani akawashinda.

Tamu, lakini si kweli. Kwanza, fainali ilichukuliwa na Waserbia, Zorana Arunović na Damir Mikec. Pili, Dikeç alikuwa ameziba masikio. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano, kwa hivyo usidhani alibahatisha. Tatu, na hili ndilo watu hawakuliona, kifaa chake kikubwa alikuwa amekishika mkononi. Bastola ya mashindano ni mtambo wa usahihi mkubwa, na mtambo huo hautunzwi kwa utani.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kuna vijana wengi Nairobi, Mombasa na Kisumu ambao tangu picha ile wanauliza, "Huu mchezo tunauingia vipi?" Jibu langu ni kwamba mchezo huu huanzia kwenye meza ya fundi. Na kwetu Kenya, hata hiyo meza ina sheria zake.

Wenzo mmoja, alama mbili

Kama huamini, muulize Manu Bhaker wa India.

Julai 25, 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, binti huyu wa miaka 19 aliingia mchujo wa bastola ya hewa mita 10 akiwa miongoni mwa waliotarajiwa medali. Kanuni ni rahisi: mizinga 60 ndani ya dakika 75. Alipokuwa amepiga 16 tu, bastola yake ikagoma. Wenzo wa kukokia ulikuwa umevunjika.

Akatoka uwanjani, bastola ikatengenezwa, akarudi. Zaidi ya robo saa ilikuwa imeyeyuka na hakuongezewa dakika hata moja. Mizinga 44 iliyobaki aliipiga mbiombio, katika mchezo ambao kupumua kwenyewe kunahesabiwa. Alimaliza na alama 575 kati ya 600, nafasi ya 12. Fainali ilimponyoka kwa alama mbili.

Miaka mitatu baadaye akarudi, Paris 2024, akatwaa shaba mbili: moja peke yake na nyingine pamoja na Sarabjot Singh. Akawa Mhindi wa kwanza tangu uhuru wa nchi hiyo kupata medali mbili katika Olimpiki moja. Mkono ni ule ule. Tokyo uliangushwa na kipande kidogo cha chuma.

Chuma kinataka nini?

Tuanze na bastola ya hewa, maana ndiyo mlango wa wengi. Inatumia hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi na inapiga kidonge cha milimita 4.5. Kitovu cha shabaha, yaani pale penye alama 10, kina upana wa milimita 11.5, na wewe uko mita 10 kutoka hapo. Kosa dogo tu la chombo linatosha kukuharibia siku.

Kwa hivyo watunzaji wana mambo yao. Mipira ya kuzuia hewa huchakaa, lazima ibadilishwe kabla haijavuja. Mtungi una mwisho wake wa matumizi, kwa kawaida miaka 10, na tarehe huwa imeandikwa. Mafuta ya kawaida hayaguswi karibu na hewa yenye shinikizo kubwa, maana yanaweza kuwaka. Fundi anayejua hutumia yale yaliyoruhusiwa na mtengenezaji, basi.

Kifyatuo, pale kidole kinapovuta, nacho hupimwa. Katika bastola ya hewa ni lazima kihimili uzani usiopungua gramu 500, sawa na pakiti ya nusu kilo ya sukari. Waamuzi wanaweza kukupima hata baada ya kumaliza. Skrubu ikilegea kidogo uzani ukashuka, unafutwa.

Bastola ya mita 25 inatumia risasi ndogo ya .22. Hii huacha nta na masizi kwenye chemba na kwenye magazini, na uchafu huo ndio hufanya risasi ikwame katikati ya mchuano. Lakini usifikiri kusugua sana ndiyo usafi. Mdomo wa mtutu ukikwaruzwa na fimbo ya kusafishia, usahihi umekwenda. Wengi wa wazoefu husafisha chemba mara kwa mara na mtutu kwa kiasi. Pia hawafyatui bastola ya .22 ikiwa tupu bila kidude cha kinga ndani ya chemba, kwa sababu pini inaweza kugonga ukingo wa chuma na kuuharibu.

Ni yale yale ya pikipiki ya bodaboda. Asiyejua lini abadilishe oili hulaumu injini.

Kujaza maganda upya

Sasa tuje kwa jambo ambalo video zake zimejaa YouTube: watu wakikaa gereji zao Marekani wakijitengenezea risasi.

Risasi moja ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba nyeupe, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Ukishafyatua, fataki, baruti na kichwa vimekwenda. Ganda linabaki, na mara nyingi ndilo lenye gharama kubwa kuliko hayo mengine. Ndiyo maana walengaji katika nchi zinazoruhusu huokota maganda yao, huyasafisha na kuyajaza tena, mara nyingi tu. Wanaokoa pesa, na pia wanapata risasi inayokubaliana na bastola yao hasa.

Lakini video hukuficha mambo mawili.

La kwanza, risasi ya .22 inayotumika Olimpiki haijazwi upya. Fataki yake imo ndani ya ukingo wa ganda lenyewe. Ikishagongwa, ganda limekwisha kazi. Walengaji wakubwa badala yake hujaribu mafungu tofauti ya risasi kutoka kiwandani, kwa mfano kwa Eley pale Birmingham, Uingereza, au Lapua pale Schönebeck, Ujerumani. Bastola hufungwa kwenye jukwaa, hupigwa fungu baada ya fungu, kisha mlengaji hununua lile linalorundika matundu karibu zaidi.

La pili ni hatari. Risasi ya bastola hutumia baruti kidogo, na ganda mara nyingi lina nafasi ya kutosha kumeza kipimo mara mbili bila kufurika. Mtu akipigiwa simu katikati ya kazi, akasahau, akamimina tena, bastola inaweza kupasuka mkononi. Akisahau kumimina kabisa, fataki peke yake husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo. Akifyatua ya pili, chuma kinaachana. Wanaofanya kazi hii kwa makini hufuata jedwali la mtengenezaji wa baruti, huchungulia kila ganda kwenye mwanga na hawaruhusu gumzo mezani.

Ukraine imefika uwanjani

Tena siku hizi meza hiyo imekuwa ghali. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Ulaya imekuwa mbioni kutengeneza makombora ya mizinga. Julai 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kutenga Euro milioni 500 kwa viwanda vya makombora na risasi.

Shida ni kwamba baruti ya kombora na baruti ya mlengaji wa Jumapili zinatokana na malighafi moja, nitroselulosi, ambayo hutengenezwa kwa nyuzi fupi za pamba. Sehemu kubwa ya pamba hiyo Ulaya huinunua Uchina. Jeshi likipanga foleni, raia husukumwa nyuma. Bei zimepanda na baadhi ya aina zimeadimika madukani.

Kwa hivyo ile hoja kwamba kujaza maganda ni njia ya mnyonge kucheza mchezo wa matajiri inaanza kupwaya hata huko ilikozaliwa.

Na wewe wa Nairobi?

Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Ukijaza ganda likawa risasi kamili, tayari umemiliki risasi. Hutaponea kwa kusema ulikuwa unajifunza. Baruti nayo ina sheria yake, Sura ya 115. Yule kijana wa gereji unayemwona kwenye simu yuko chini ya sheria za jimbo lake. Wewe uko chini ya za Kenya.

Na serikali haichezi na suala hili. Mwishoni mwa 2018 iliteua bodi mpya ya leseni za bunduki na kuamuru wenye leseni wote wapigwe msasa upya. Kwa nchi iliyoona Westgate na Garissa, na inayozika watu kila mwaka kwa wizi wa mifugo wa kutumia bunduki, mimi siwezi kuilaumu. Ugumu huo una sababu.

Lakini ugumu bila mlango nao ni tatizo. Mashindano ya bastola yapo. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, umewahi kuyaandaa. Ila ukichunguza nani anashiriki, wengi ni maafisa wa usalama na watu wenye mifuko mizito. Kijana wa Kayole mwenye jicho kali na mkono mtulivu atajulikanaje?

Maoni yangu ni haya. Tukitaka mlengaji wa kutuwakilisha Los Angeles 2028 na kuendelea, tusianze kwa kugawa bastola. Tuanze na vilabu vya bastola za hewa ambavyo silaha ni ya klabu, inafungiwa kabatini klabuni, na kuna fundi mwenye kibali anayelipwa kuitunza. Kijana aje mikono mitupu, apige, aache chombo pale. Hivyo usalama haupungui na kipaji hakipotei. Na huyo fundi mwenyewe ni ajira. Nchi yenye mafundi wa jua kali hodari kama Gikomba na Kamukunji haiwezi kukosa vijana wa kujifunza kazi ya springi na pini chini ya usimamizi.

Neno moja, hatari mbili

Kabla hatujaachana, kuna sumu. Kiswahili kina hekima yake: neno risasi ni la kile kinachoua kwa mlio, na pia la madini yanayoua kimyakimya. Vidonge vya bastola ya hewa na vichwa vingi vya .22 ni madini hayo hayo. Vumbi lake hubaki kwenye vidole, kwenye kitambaa cha kusafishia na hewani katika ukumbi usiopitisha upepo.

Wakenya tunalijua somo hili. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliathiriwa na sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka wa 2020 mahakama iliagiza wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaunga mkono fidia hiyo. Miaka yote hiyo ya kesi haikurudisha afya ya mtoto hata mmoja.

Kwa hivyo ukibahatika kuingia uwanjani, usile ukiwa humo. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa andazi. Nguo za mazoezi zifue peke yake, usizirushe kwenye kitanda cha mdogo wako.

Na ukinaswa na hamu ya kuagiza bastola ya hewa mtandaoni kwa sababu muuzaji amekuambia ni kama kitu cha kuchezea, usitume pesa kwanza. Uliza bodi ya leseni, uliza klabu inayotambuliwa. Swali halikugharimu chochote, lakini kesi itakugharimu miaka.

Dikeç anaonekana hana haraka kwa sababu haraka zote alizimaliza mazoezini, na chombo chake kilikuwa kimekaguliwa kabla hajatia mkono mfukoni. Ukitaka kumwiga, iga hiyo sehemu. T-shati yoyote itakufaa.