Nauli Haikupanda, Tikiti Ndiyo Iliyopungua

Ziko njia mbili za kumtoza abiria zaidi: ya kwanza ni kumwambia bayana kwamba kesho atalipa kuliko jana, naye akanung'unika, akahesabu fedha zake, akaamua kusafiri au kubaki kwake; ya pili ni kuiacha bei palepale na kukipunguza kile alichokuwa akikinunua. Makampuni ya reli ya Japani, katika muda wa mwaka mmoja na ushei, yamezitumia zote mbili, nami nadai kwamba ile ya kwanza, ijapokuwa ndiyo iliyopigiwa kelele nyingi zaidi duniani, ndiyo iliyokuwa na insafu.

Oktoba 2023 pasi ya watalii, Japan Rail Pass, inayouzwa tangu 1981, ilipanda kutoka yeni 29,650 kwa siku saba hadi 50,000. Ni ongezeko la kutisha, lakini hisabu yake haina fumbo. Kwenda Kyoto na kurudi Tokyo kwa treni za kasi za Shinkansen hugharimu takriban yeni 28,000, na hivyo safari moja ya namna hiyo ilikuwa yakaribia kurudisha gharama ya pasi nzima, na siku zilizosalia mgeni alipanda kama wa bure. Alikuwa akipewa karama, karama ikapunguzwa, wala hakuna aliyemficha.

Ya wenyeji ni habari nyingine. Wao walikuwa na tikiti ya Seishun 18 Kippu, iliyoanza 1982 chini ya shirika la reli la taifa, kabla halijavunjwa mwaka 1987 yakazaliwa makampuni sita ya abiria na moja la mizigo. Jina lake lataja ujana na miaka 18, lakini hata mzee wa miaka themanini hakukatazwa kuinunua. Kwa yeni 12,050 mtu alipata siku tano za kupanda treni za kawaida za makampuni yote sita, kutwa nzima kila siku, maadamu haingii katika Shinkansen wala treni nyingine za nauli ya ziada. Na siku hizo hazikulazimika kufuatana. Karani wa langoni aligonga muhuri wa tarehe, abiria akakirudisha kikaratasi mfukoni, na siku nne zilizobaki zikamngoja mpaka msimu wa kuitumia tikiti umalizike. Marafiki watano nao waliweza kutoka pamoja asubuhi moja kwa karatasi moja, karani akaigonga mihuri mitano, basi.

Tangu msimu wa baridi wa 2024 siku hizo tano ni lazima zifuatane, na mwenye tikiti awe mtu mmoja tu. Bei ni ileile, yeni 12,050, na imeongezwa tikiti ya siku tatu, nazo pia za mfululizo, kwa yeni 10,000. Sasa na tumtazame mfanyakazi asiye na mapumziko ila Jumamosi na Jumapili. Zamani alizitawanya siku zake katika majuma kadhaa, kila moja ikimgharimu yeni 2,410. Leo hununua ya siku tatu, akasafiri mbili, na ya tatu ikamfia Jumatatu akiwa kazini, ndipo kila siku aliyosafiri ikawa yeni 5,000. Nauli yake imezidi maradufu, na hakuna tangazo lolote lililotaja neno kupanda.

Makampuni yalieleza kwamba tikiti mpya yapita katika milango ya mashine, na hilo si jambo dogo pale ambapo stesheni nyingi hazina tena karani. Wala sikatai kwamba njia za mashambani zinaendeshwa kwa hasara, ilhali watu wa huko wazidi kupungua mwaka hata mwaka. Lakini abiria huyu alikwisha kunyang'anywa mengi kimyakimya. Kila Shinkansen inaporefushwa, aghalabu njia kongwe iliyo kando yake hukabidhiwa kampuni ya mkoa: ndivyo ilivyokuwa Nagano mwaka 1997, na ndivyo ilivyokuwa Machi 2024 baina ya Kanazawa na Tsuruga, na huko tikiti hii, ghairi ya kipande maalumu, haina nguvu. Treni ya usiku ya Moonlight Nagara, iliyokuwa kipenzi cha wasafiri hawa kutoka Tokyo hadi Ogaki, nayo imekwisha kufutwa.

Laiti makampuni yangeiuza tikiti ya zamani, yenye mihuri na siku za hiari, kwa yeni 16,000 au hata 17,000, nadhani wengi wangelalamika juma moja kisha wakapanga foleni dirishani. Mashine iliyokwisha kufunzwa kuhesabu siku tano za mfululizo haiwezi kushindwa kuhesabu siku tano zilizotawanyika. Na kama kweli haiwezi, basi makampuni na yaseme ni kiasi gani kingehitajika kuitengeneza, ili abiria aambiwe yeni ngapi zitaongezwa katika nauli yake.