Video ya Sekunde 40 na Uvimbe wa Shangazi

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinilemea. Leo programu naziweka kando, au tuseme nusu kando.

Juzi shangazi yangu alinitumia video kwa WhatsApp. Sekunde 40 tu. Kijana aliyevaa koti jeupe anasema chai ya majani ya mstafeli huponya saratani, na kwamba hospitali zinaficha siri hiyo. Shangazi ana uvimbe kwenye titi. Alikuwa amepewa siku ya kwenda kutolewa kinyama kidogo kikapimwe. Siku ilifika, hakwenda. "Wacha kwanza nimalize hii chai, mwanangu," akaniambia.

Usikimbilie kumcheka. Amefundisha hesabu miaka mingi kuliko niliyoishi mimi.

Tatizo naliona kama mtu wa kompyuta. Programu inayokuchagulia video huhesabu kinachohesabika: umetazama hadi mwisho? Umerudia? Umemtumia mwenzako? Ukweli hauhesabiki hivyo. Daktari mkweli atasema inategemea aina ya saratani, imefika hatua gani, vipimo vimeonyesha nini. Akitamka "inategemea", kidole chako kimeshasukuma video. Na ukiandika kwa hasira "huu ni uongo!", programu inaona watu wamechangamka na huenda ikaisambaza zaidi. (Nimelifanya kosa hilo mara nyingi.)

Si hisia zangu tu. Utafiti wa Marekani uliotoka mwishoni mwa 2018 ulipitia video 150 za YouTube kuhusu saratani ya tezi dume. Asilimia 77 zilikuwa na mambo yanayoweza kupotosha au yaliyoegemea upande mmoja, ndani ya video au kwenye maoni chini yake. Zenye ubora mdogo ndizo zilizopendwa zaidi.

Mstafeli nao? Ni kweli dondoo za majani yake zimeua seli za saratani maabara. Hata Jiki huziua. Kutoka kisahani cha maabara hadi mwili wa binadamu ni safari ndefu, na sekunde 40 hazikutajii safari hiyo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2018, ulikuta kwamba wagonjwa wa saratani zinazotibika waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara 5.

Agosti 2023 YouTube walitangaza kuondoa video zinazodai, kwa mfano, kwamba kitunguu saumu huponya saratani. Vizuri. Lakini video ikishapakuliwa na kuingia kwenye kundi la familia, nani ataiondoa? Imeshapoteza hata jina la aliyeitengeneza.

Shangazi sikubishana naye kuhusu chai. Nilimpigia simu nikamwambia nitampeleka mwenyewe, na kwamba hiyo chai amtajie daktari bila aibu. Alinyamaza, kisha akauliza tutatoka saa ngapi. Ni Jumanne.