Cheti Hakimpulizii Mtoto Hewa

Ninacho cheti. Kiko ndani ya nailoni juu ya kabati, hapa Nyakuron, kisiloe mvua ikinyesha. Kinasema nimefuzu kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Nilikipata kwa siku moja, hotelini: asubuhi projekta, mchana kuku, jioni mwanasesere wa plastiki. Tulikuwa watu ishirini, mwanasesere mmoja. Mimi nilimshika labda dakika mbili. Nikapigiwa makofi.

Wiki chache baadaye, usiku, wodini, mtoto alizaliwa kimya. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, na ndiye niliyekuwa karibu. Hatua zote nilizijua, hata kwenye mtihani ningeziandika. Lakini barakoa ilivujisha hewa shavuni na kifua cha mtoto hakikuinuka. Akaja mkunga mmoja mzee. Hakunifokea. Aliweka mkono wake juu ya wangu, akainua kidevu cha mtoto kidogo tu, akasema, "Sasa bonyeza, mwanangu." Kifua kikainuka.

Siandiki haya kumshukuru tu. Naandika kwa sababu wiki iliyofuata yule mama hakuwepo. Alikuwa ameitwa semina. Siku tatu, hotelini.

Ndugu zetu wa mashirika, ugomvi wangu nanyi uko hapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atapona vipi mkimtoa mkunga wake wodini mkampeleka kutazama projekta? Na simlaumu yeye kwenda. Mshahara unachelewa, marupurupu ya semina yanalisha watoto. Nyinyi ndio mliopanga kwamba pesa iko hotelini na wodini hakuna kitu.

Tena haya si maneno ya Juba peke yake. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Tanzania, iliyaona zamani. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye, kwa mwanasesere walikuwa wameendelea vizuri, lakini kwa watoto wenyewe mambo yalikuwa yaleyale. Basi mwaka 2011 wakageuza mtindo. Mwanasesere akakaa palepale leba, watu wakajizoeza dakika chache kila wiki, na mara moja kwa mwezi zoezi refu zaidi. Ndani ya mwaka mmoja vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hesabuni wenyewe: ni karibu watoto wanne katika kila elfu. Kwa dakika chache!

Sisi huku tuna deni kubwa zaidi. Vita vilipokihamishia Chuo Kikuu cha Juba Khartoum mwaka 1989, wanafunzi wa udaktari waliondoka na walimu wao. Ujuzi wa mkono hurithishwa mkono kwa mkono, na huku mnyororo huo ukakatika. Aprili 2023 Khartoum nayo ikaanza kukimbiwa. Mnyororo umekatika mara ya pili.

Najua wapo wenzangu kambini watakaosema: msijifunzie kwa watoto wetu. Wana haki kabisa. Lakini kumwacha mwanafunzi peke yake usiku na mtoto asiyepumua, halafu kusema eti anajifunza kwa vitendo, huko ni kumtelekeza, yeye na mtoto pia. Kujifunza kwa vitendo ni kukosea kwa mwanasesere mara hamsini, kisha kumgusa mtoto huku mkono wa mjuzi uko juu ya wako.

Kwa hiyo siombi majengo. Naomba mwanasesere na mfuko wa kupulizia hewa vikae leba, visifungiwe stoo kusubiri wageni. Naomba wakunga wazee na madaktari walipwe kufundisha palepale wodini, zamu ya usiku ikiwemo, kwa pesa ileile ya ukumbi na kuku. Na mkija kutathmini, msihesabu waliohudhuria. Njooni saa nane za usiku mtazame mikono yetu.

Cheti changu nitaendelea kukitunza, kazini kinaulizwa. Lakini mtoto yule anatembea sasa, mama yake hukutana nami sokoni, na siku zote namwambia ukweli: shukuru yule mkunga mzee, mimi nilikuwa na karatasi tu.