Gari Ni Letu, Lakini Ufunguo wa Kompyuta Yake Uko kwa Nani?

Leo hatuandiki juu ya mgao wala karo za shule. Tunaandika juu ya magari. Najua kuna watakaosema, "Wakimbizi na magari, wapi na wapi?" Ngojeni tuwaambie.

Wenzetu wengi wanakula kwa sababu ya gari. Kuna anayeendesha boda pale Jinja. Kuna konda wa taksi inayopita Iganga na Tirinyi mpaka Mbale. Kuna walioingia garaji kufagia na kushika spana, na leo wanafungua injini wenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na tunaishukuru nchi hii kwa hilo. Lakini kuna mlango mwingine ambao sheria hiyo haiufikii, nao uko ndani ya gari lenyewe.

Tunasema wazi tangu mwanzo, mtu asije akauliza tumesimama wapi: mwenye gari awe na haki ya kuapdeti programu za gari lake, yeye mwenyewe au kwa mkono wa fundi anayemchagua, bila kupigia kiwanda magoti.

Tueleze kwanza kwa wale wasiojua. Gari la zamani lilikuwa chuma, mafuta na nyaya chache. Gari la siku hizi lina kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya mifuko ya hewa, ya redio na ya funguo. Kila kompyuta ina programu yake. Programu hiyo ndiyo inasema mafuta yaingie kiasi gani, gia ibadilike saa ngapi, ufunguo gani ukubaliwe. Kiwanda kikigundua kosa, kinatoa programu mpya ya kurekebisha. Swali letu ni dogo tu: programu hiyo mpya inamfikiaje mtu wa Mbale aliyenunua gari lililotumika?

Jibu ni kwamba mara nyingi haimfikii kabisa. Magari mengi ya hapa Uganda yametoka Japani yakiwa tayari yametumika. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo magari yanayoingia ni ya kizazi cha kompyuta. Lakini mwenye kiwanda anamjua mnunuzi wa kwanza wa kule Japani, sisi wa pili na wa tatu hatujui. Ukitaka kuona mfano usiohitaji elimu yoyote, angalia redio. Toyota nyingi za Japani zina skrini yenye ramani. Betri ikitolewa, au memori kadi ikipotea njiani, skrini inafunga na kuanza kudai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Mtu amelipa gari, amelipa ushuru, amelipa namba, halafu anaendesha na skrini inayomwonyesha maandishi asiyoyasoma mpaka siku atakapoliuza. Watu wanacheka, wanasema ni redio tu. Sisi tunasema ni dalili. Kama hata redio huwezi kuifungua, injini utaifunguaje?

Basi tufike kwenye injini. Mwenzetu mmoja ni konda wa Hiace ya dizeli inayofanya kazi Mbale. Injekta moja ilikufa. Mwenye gari akanunua nyingine, fundi akaifunga vizuri. Sasa, juu ya injekta za aina hiyo kuna namba ndefu, kila injekta na yake, na lazima iingizwe kwenye kompyuta ya injini ili kompyuta ijue kipimo chake. Fundi aliiona namba, aliisoma, aliiandika kwenye karatasi. Kitu ambacho hakuwa nacho ni ruhusa ya kuiingiza. Gari likawaka kwa kutetemeka na kutoa moshi. Wakaambiwa walipeleke Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwa mtu mwenye mashine. Taksi ililala siku nne. Siku nne hizo dereva hakupata kitu, konda hakupata kitu, na nyumbani kwa konda kuna watoto wanne wanaosubiri posho.

Tuulizane kwa utulivu: fundi yule alikosa nini? Hakukosa akili, mkono wala kifaa cha kubadilisha. Alikosa namba kuingia mahali pake. Sisi wakimbizi tunaijua sana hali hiyo. Tunajua kusimama kwenye mstari na karatasi zote mkononi, kisha unaambiwa mtu wa kugonga muhuri hayupo. Ndiyo maana jambo hili linatuuma kuliko linavyowauma wengine.

Tena mlango huo uliofungwa hauzuii watu kuingia, unawafanya waingie dirishani. Tembea garaji za Jinja au Mbale utakuta laptopu ya zamani, waya wa bei ndogo, na ndani yake nakala ya wizi ya programu ya kiwanda. Haijulikani nani aliivunja wala ameongeza nini ndani. Fundi anaitumia kwa sababu hana nyingine. Wakubwa wanasema wanafunga kwa ajili ya usalama wetu, kumbe kufunga kwao ndiko kunatusukuma kwenye kitu kisicho salama. Kama programu halali ingepatikana kwa bei ambayo garaji inaweza kulipa, nani angehangaika na ya wizi?

Sasa tujibu hoja zao moja moja, maana tusipozijibu watasema tunapiga kelele tu.

Hoja ya kwanza: "Mwenye gari hajui, ataharibu breki na kuua watu." Hatuidharau. Barabara ya Jinja tunaijua na ajali zake tunazijua. Lakini kuapdeti siyo kuandika programu upya. Programu inaweza kutoka kiwandani na muhuri wa kidijitali, na kompyuta ya gari ikakataa faili yoyote isiyo na muhuri huo. Mwenye gari anachofanya ni kuiingiza, basi. Na hili limeshafanyika. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba wanaweza kuiingilia Jeep Cherokee wakiwa mbali kwa kupitia intaneti, mpaka kuizima ikiwa barabarani. Kampuni ya Fiat Chrysler ikayaita magari milioni 1.4 kurekebishwa. Na unajua ilifanya nini? Iliwatumia wenye magari flashi kwa posta, wachomeke wenyewe. Yaani siku kampuni ilipobanwa, mwenye gari akageuka ghafla kuwa mtu anayeweza kuaminiwa. Kama aliweza siku ile, anaweza siku zote.

Hoja ya pili: "Watu watachezea injini, moshi utaongezeka." Moshi ni jambo la kweli, sisi ndio tunaouvuta pale stendi. Lakini tuulize ni nani aliyechezea moshi kuliko wote. Mwaka huohuo wa 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen yenyewe iliweka programu ya udanganyifu kwenye magari ya dizeli, karibu milioni 11 duniani. Gari likijua linapimwa, linakuwa safi. Likirudi barabarani, linatoa sumu. Programu ilikuwa imefungwa, hakuna mwenye gari aliyeweza kuichungulia. Udanganyifu ulianza kuonekana kwa sababu watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia walilipima gari likiwa barabarani. Kwa hiyo kufuli haikulinda hewa, ililinda uongo. Moshi unazuiwa kwa kupima moshi.

Hoja ya tatu: "Wezi watapata njia." Wezi wameshapata njia, nani hajasikia habari za magari yanayoibwa kwa mashine ya kutengeneza funguo? Mwizi hasubiri ruhusa. Anayesubiri ruhusa ni mwenye gari aliyepoteza ufunguo wake, na ana kadi ya gari yenye jina lake mfukoni.

Wengine watasema haya ni ndoto za watu wasio na gari. Hapana, kuna nchi zimeshaanza. Marekani, tangu mwaka 1996 kila gari dogo jipya lazima liwe na soketi ya uchunguzi ya aina moja, ile OBD2 iliyo chini ya usukani. Ndiyo sababu leo fundi wa Mbale anaweza kuchomeka kadude ka Bluetooth na kusoma kosa kwenye simu. Sheria ya mbali ilitufaa sisi bila hata kutujua. Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza gari mwaka 2012, na mwaka 2020 wapiga kura wake, karibu watatu kati ya kila wanne, wakakubali iongezwe ifike kwenye data ambazo gari linatuma kwa njia ya hewa. Viwanda vikakimbilia mahakamani. Na tusiseme ni mambo ya Wazungu peke yao: Afrika Kusini, Tume ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza tarehe 1 Julai 2021, kwamba mwenye gari anaweza kwenda kwa fundi wa kujitegemea bila kunyang'anywa dhamana, na fundi huyo apewe habari za kiufundi. Afrika Kusini ni Afrika.

Sasa turudi Jinja, maana hapa ndipo neno letu lina uzito. Jinja ndipo kilipo kiwanda cha Kiira Motors, kwenye ekari 100 za eneo la viwanda. Kiira ni kampuni ya serikali. Ilizaliwa kutoka kazi ya wanafunzi na walimu wa Makerere, waliotoa gari dogo la umeme Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola la nguvu za jua mwaka 2016. Basi la umeme ni programu kuliko gari lolote: betri, mota, breki, kuchaji, vyote vinaongozwa na kompyuta. Kwa hiyo Uganda si mnunuzi tu tena, ni mtengenezaji, na inaweza kuamua. Je, basi la Jinja likiharibika Mbale, fundi wa Mbale atalifungua? Au tutajenga kiwanda chetu wenyewe kisha tuwafungie watu wetu kama tulivyofungiwa?

Na boda za umeme ndizo zinakuja kwa kasi. Kuna mpango ambapo unanunua pikipiki lakini betri ni ya kampuni, unabadilisha kituoni. Mpango huo una faida yake, hatukatai, betri ni ghali. Lakini betri na pikipiki vinazungumza kwa programu, na mwenye programu ndiye mwenye kauli ya mwisho. Dereva wa boda ajue kabla ya kutia saini: nani anaweza kuizima pikipiki yangu, kwa sababu gani, na nikiwa na abiria mgongoni itakuwaje? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelala na pikipiki hiyo ni dereva, na yeye ndiye wa kusikilizwa.

Tunataka mambo manne.

Moja, programu mpya za kurekebisha makosa na usalama ziwekwe wazi, zenye muhuri wa kiwanda, mwenye gari azipakue bure hata kama ni mnunuzi wa tatu.

Mbili, garaji ndogo ziweze kupata mashine na programu halali kwa bei ya siku au ya kazi moja, siyo kwa leseni ya mwaka inayozidi kodi ya garaji nzima.

Tatu, ukaguzi wa magari kabla hayajaingia nchini uangalie pia kompyuta: redio ifunguke, lugha isomeke, namba za siri ziandikwe na kukabidhiwa pamoja na funguo.

Nne, Kiira Motors ianze kuonyesha mfano kwa basi lake yenyewe, na vyuo vya ufundi vya Jinja na Mbale vipewe programu hiyo vifundishie, wenyeji na wakimbizi pamoja.

Sisi hatupigi kura Uganda. Ndugu zetu wenyeji ndio wanapiga, Wasoga wa Jinja na Wagisu wa Mbale ambao tunakula nao, tunafanya kazi nao na tunasukuma nao taksi ikizimika. Tunawaomba walibebe neno hili kwa wabunge wao. Na wewe kijana mwenzetu uliye garaji, usiishie kwenye spana. Jifunze kusoma makosa ya kompyuta, andika kila kazi uliyokwamishwa na kufuli, aina ya gari na siku zilizopotea, ututumie. Tukiwa na daftari lenye visa mia, hakuna atakayetuambia tena kwamba hilo ni tatizo la redio.

Toeni maoni yenu hapa chini, hata wanaopinga. Karibuni.