MWITU NI WA NANI?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa site,

Kila asubuhi barabara zinazoingia Lubumbashi zinajaa watu wa kinga, na mifuko ya makala juu yake. Wakubwa wa ofisi wanawaonyesha kidole, wanawaita adui wa mwitu. Askari anasimamisha kinga, anakamata mfuko, anadai franka. Kisha? Jioni makala yale yale yanawaka katika mbabula, na mwitu umerudi nyuma vilevile.

Kulinda mwitu kwa fimbo si jambo jipya. Mwaka 1939 serikali ya Wabelgiji ilitenga mbuga ya Upemba. Mwenyeji aliyewinda mule, katika fasi ya babu zake, akaitwa mwizi. Mwaka 1960 Wabelgiji walitoka katika serikali, fimbo ilibaki. Sheria ya mwitu ya mwaka 2002 inasema mwitu ni mali ya serikali. Vema. Lakini serikali ikiwa mbali, mali yake inakuwa ya mwenye shoka. Katika miaka ya 2010 tuliona malori yakipakia mti wa mukula kwenda China. Mwanakijiji alibaki na visiki.

Iko njia ya pili, nayo imo katika sheria ile ile. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu kijiji kupewa mwitu wake, mpaka hektari 50,000, bila kuununua. Kisiki cha miombo kinachipuka tena, kama moto hauunguzi machipukizi. Kijiji chenye hati kitakata upande mmoja na kupumzisha wa pili. Kijiji kisicho na hati kitakata yote leo, kwa kuogopa mgeni wa kesho.

Na sisi wa muji tusijifiche: bukari yetu inaivishwa na mwitu. Sababu gani? Tangu miaka ya 1980 waya za Inga zinatembea kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi, kulisha migodi. Mchana tunaandika tani za shaba chini ya taa. Usiku mama anapuliza makala gizani. Ukimkamata mwenye kinga, umempa mama umeme?

Basi tudai mambo mawili: hati kwa vijiji, umeme katika site. Mkubwa anayekataa haya mawili asituambie kwamba analinda mwitu. Analinda kiti chake.

Karani wa mgodi