Chekechea ya Umma na Mchango wa Langoni

Jengo jipya la chekechea katika mji wetu mdogo limetimiza mwaka wa pili. Limepakwa rangi, na ukutani pana bamba lenye jina la mkubwa aliyelifungua. Kinachokosekana ni walimu. Yupo mmoja tu kwa madarasa mawili, wa mkataba, na mshahara wake huchelewa miezi. Ili asiondoke, wazazi huchangishwa langoni kila muhula, na mtoto wa asiyelipa hurudishwa nyumbani. Mwenye nacho kidogo humpeleka wake shule ya kulipia. Kisha afisa hulifungua daftari la mahudhurio, huona majina yamepungua, na kutuambia kwamba wazazi hawaithamini elimu ya watoto wadogo!

Kauli hiyo tunaikataa. Wengi wetu tulianza kusoma sakafuni mwa ukumbi wa kanisa, na waliomlipa mwalimu ni mama zetu, kwa mayai na maziwa waliyouza. Wakati huo mzigo huo uliitwa Harambee. Hata elimu ya bure ya mwaka 2003 iliiruka chekechea.

Leo sheria ni nyingine. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu hiyo, na inaikataza shule ya umma kutoza karo ya mafunzo. Malipo mengine huhitaji idhini ya Waziri na stakabadhi rasmi. Na hata yakiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kutolipa. Nayo Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti elimu hii, mwalimu pamoja na kuta. (Kuta zina mkandarasi, huenda ndiyo sababu hazicheleweshwi.)

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya siku hiyo twende kwenye vikao vya umma, tuulize shilingi ngapi zimetengewa majengo na ngapi mishahara ya walimu wa chekechea, na tudai jibu la maandishi. Wazazi waliochangishwa walete stakabadhi zao. Waliolipa bila kupewa stakabadhi waandike tarehe, kiasi na aliyepokea, watie sahihi, wawaachie wazee wa kanisa. Mawakili miongoni mwetu watazipanga karatasi hizo bila malipo.