Sumaku kabla ya arubuni

Mhariri,

Peugeot 504 si chuma chakavu; ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Lakini sifa hiyo isitumiwe kuficha kutu. Mwezi jana nilikwenda Changamwe kutazama moja. Dalali alinihimiza nitoe arubuni upesi, eti wateja ni wengi. Nikatoa sumaku mfukoni, nikaipitisha chini ya mlango. Haikushika: puti tupu! Mzee mwenye gari alishtuka, kumbe naye hakujua. Tukakaa, tukahesabu gharama ya fundi wa bodi, akaitoa kwenye bei. Hakuna aliyepandisha sauti. Nawasihi wauzaji, mwacheni mnunuzi aje na fundi wake, na alinganishe namba ya chesisi na ya logibuku kabla hajalipa.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Mombasa